Taa ya Nyuma si Pambo

Mengi husemwa kuhusu baiskeli zetu sisi wanafunzi wa kutwa: kengele ilie, breki zishike, madigadi yang'ae. Kuhusu taa ya nyuma, kimya! Nami naona hiyo ndiyo ya kwanza.

Huku Nyandarua jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, na wengi wetu huwa tumeshatoka nyumbani kitambo. Ifikapo Julai, ukungu hushuka barabarani mzito kama maziwa lala. Dereva wa lori la viazi haoni sweta yako. Anaona taa, ama haoni kitu.

Sasa, taa gani? Wazazi wengi hununua zile ndogo za betri zinazometameta. Ni rahisi, sikatai. Lakini mbili nimezifungua kwa bisibisi nikakuta jambo lile lile: maji yamepenya kwenye ukingo wa kifuniko, na vibati vinavyoshika betri vimeota kutu. Barabara zetu za mawe nazo humalizia kazi. Kishikio cha plastiki hukatika, taa ikabaki mtaroni ikimetameta peke yake kama kimulimuli. Tena baridi hupunguza nguvu za betri, kwani kemikali zilizomo hufanya kazi polepole. Unapoihitaji zaidi ndipo inapofifia!

Mimi nasimama na dinamo. Kile kichupa kinachosuguana na tairi hutoa umeme wa volti 6 hivi, na hakidai betri. Taa yake hufungwa kwa nati kwenye madigadi. Najua kuna watakaocheka, ati hayo ni mambo ya babu na Black Mamba yake. Haya, na Wajerumani je? Kwao asubuhi za Desemba huwa giza hadi karibu saa mbili, na mpaka mwaka 2013 sheria yao ilitaka baiskeli nyingi ziwe na dinamo.

Hata hivyo dinamo ina ila zake. Ukisimama, taa ya balbu huzimika. Tairi likilowa, dinamo huteleza. Ndiyo maana chini yake lazima kuwe na riflekta nyekundu, ambayo haingoji betri wala kukanyaga pedali. Ifute tope tu kila asubuhi. Waya nao uufunge kwenye fremu kwa vipande vya tyubu kuukuu, maana taa nyingi hufia hapo, wala si kwenye balbu. Fundi akikufungia taa, mwambie aweke nati mbili, moja juu ya nyingine, isilegee.

Ombi langu kwa walimu wa zamu: mnapokagua kucha na soksi pale langoni, kagueni na taa. Asiye nayo asirudishwe nyumbani, kwani atapita barabara ile ile, katika ukungu ule ule. Apelekwe karakana. Waya zimo, bisibisi zimo.