Mlima hukuupanda peke yako

Wadau, kila ikikaribia Desemba 9 mitandao inajaa picha zile zile. Kijana wa mjini kasimama kileleni Uhuru, bendera mkononi, miwani myeusi usoni, na chini kaandika: nimeushinda Kilimanjaro! Hongera sana. Mita 5,895 si mchezo. Ila naomba kuuliza swali dogo tu: hema ulilolala alilibeba nani?

Chukua njia ya Lemosho, inayopendwa sana na wenye nazo. Ni kama kilomita 70, siku saba au nane. Unaingilia Londorosi upande wa magharibi, unakatiza uwanda wa Shira, unaukwea ukuta wa Barranco, unapita Karanga, Barafu, kileleni, halafu unateremkia Mweka. Mpandaji mmoja huwa na wapagazi watatu, wanne, wakati mwingine zaidi. Wewe mgongoni una koti la mvua, chupa ya maji na chokoleti. Mwenzako kichwani ana hema, meza, viti, mtungi wa gesi, na siku hizi hata choo. Ndiyo, choo chako. Ule ukuta uliouparamia kwa mikono na miguu huku ukimtaja Mungu, yeye kaupanda na mzigo huo, tena kakupita njiani, na ulipofika kambini ukakuta hema limesimama, chai na bisi mezani.

Halafu kuna habari ya maji. Barafu hakuna chemchemi. Maji ya kambi ile huchotwa bonde la Karanga na kupandishwa kwa nguvu za mtu. Kile kibeseni cha maji ya moto ulicholetewa unawe uso kimetembea kuliko unavyodhani.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo tunapokimbiana. Sisi Watanzania kiingilio tunalipa kwa shilingi, sehemu ndogo tu ya dola wanazolipa wageni. Bado tukikaa na wenye kampuni tunabembeleza: punguza bwana, sisi ni wenyeji. Anapunguza. Anapunguza wapi? Kiingilio cha hifadhi hakiguswi, hicho ni cha serikali. Chakula chako hakiguswi, utapiga kelele. Mafuta ya gari hayana huruma. Anabaki nani ambaye hatapiga kelele? Mpagazi. Kwake ndiko linakotoka punguzo lako: posho inashuka, milo mitatu inakuwa mmoja, wanalala wamebanana kwenye hema la kulia chakula, tena wakisubiri kwanza ninyi mmalize kula.

Sheria ipo, msiniambie haipo. Mzigo wa kampuni usizidi kilo 20, na mizani iko getini. Nimewahi kusimama getini asubuhi na daftari langu. Mpagazi mmoja, kijana wa rika langu, aliniambia mzani wa kweli ni ule wa kona ya kwanza, getini mkishapotea machoni, pale mizigo inapogawanywa upya. Alikuwa amevaa raba zilizotoboka. Anakwenda kwenye baridi ya kugandisha maji na raba!

Najua jibu lenu: mbona hawalazimishwi, wanagombania wenyewe. Ni kweli wanagombania. Asubuhi getini utawaona wamejipanga wakisubiri kuitwa. Na kwa sababu wako wengi, ndiyo maana anayeuliza kuhusu ujira kesho haitwi. Wewe mwenye shahada unayelalamika ofisini kwamba mshahara umechelewa siku nne, hiyo hoja ya "si ametaka mwenyewe" ungeikubali kwako?

Na ugonjwa huu ni wa zamani. Vitabu vinasema Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni Oktoba 1889. Ni wangapi kati yetu tumesoma shuleni habari za Mwini Amani, mtu wa Pangani, mtoto wa pwani, aliyebaki nao kwenye kambi ya juu kabisa, kwenye baridi ile, ili wao wapate pa kurudia? Mjerumani tumekariri, mpwani wetu hatumjui.

Pale Moshi tangu 2003 kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP. Wanawaazima nguo za baridi bila malipo, na wana orodha ya kampuni wanazofuatilia zinavyowalipa na kuwalisha. Orodha iko wazi, si siri. Kabla hujabishana bei, iangalie. Uliza mpagazi analipwa shilingi ngapi kwa siku, anakula mara ngapi, analala wapi. Mwenye kampuni akianza kujiumauma, nenda kwa mwingine. Bakshishi usiifungie yote kwenye bahasha moja na kumwachia mtu mmoja, mpe kila mtu yake mkononi, wote wakiona.

Na Desemba ukipandisha picha, mwite aliyekubebea hema asimame kando yako. Piga mwili mzima, viatu vyake vionekane.