Gari la wagonjwa lisifungwe springi za magunia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaoishi vijijini hulichukulia kuwa dogo. Jambo lenyewe ni springi za magari yanayotubeba. Mtu akisema anataka gari lisilorusha abiria, watu hudhani anataka anasa za mjini. Mimi nasema si anasa, na nitaeleza kwa nini.

Kijijini kwetu ipo pikapu moja inayofanya kazi zote. Ndiyo inayopeleka mahindi sokoni, ndiyo inayoleta saruji, na mtu akizidiwa usiku ndiyo hiyo hiyo inayomkimbiza hospitali. Safari ni kilomita 38 za vumbi, na sehemu kubwa ya barabara ina mawimbi kama bati.

Mwaka juzi tulipokuwa tukijenga madarasa kwa nguvu za wananchi, tulimwomba mzee mwenye gari atubebee matofali na mchanga. Gari likawa linalala nyuma. Sina budi kukiri kwamba mimi nilikuwa miongoni mwa waliomshauri aongeze springi. Fundi akafunga majani matatu juu ya sita yaliyokuja na gari. Madarasa yakaisha, watoto wakaingia, lakini majani yale matatu yakabaki.

Mwezi Machi mwaka huu mwanafunzi wangu wa darasa la nne alianguka kutoka mwembeni akavunjika paja. Tulimfunga vibanzi, tukamlaza juu ya godoro nyuma ya pikapu, nami nikakaa naye nikimshika mguu. Gari lilikuwa tupu isipokuwa sisi. Kila wimbi la barabara lilitupiga kama nyundo. Baada ya kilomita chache mtoto yule akaniambia, "Mwalimu, niteremsheni nitembee." Mtoto aliyevunjika paja alikuwa anaomba kutembea kuliko kukaa ndani ya gari lile.

Tulipofika kwenye kijito kikavu dereva alisimama. Utingo akajaza mchanga magunia manne, akayapanga sakafuni mbele ya magurudumu ya nyuma, nasi tukasogea hapo hapo karibu na kibanda cha dereva. Gari likatulia kiasi, tukaweza kufika.

Niliporudi nilimwuliza fundi kwa nini mchanga ulisaidia. Alinieleza vizuri, na mengine nimeyasoma mwenyewe. Springi hupimwa kwa mzigo wake. Springi iliyoimarishwa kubeba tani moja na nusu, ikibebeshwa watu watatu, hupinda kidogo sana, kwa hiyo karibu shimo lote la barabara humfikia abiria. Kama majani yana unene na urefu unaokaribiana, kuyafanya tisa badala ya sita huongeza ugumu kwa karibu nusu nzima. Na jani nene ni baya zaidi, kwani unene ukiongezwa mara mbili ugumu huongezeka mara nane.

Hali kadhalika mwili wa binadamu una mipaka yake. Wataalamu waliopima mtikisiko wa vyombo wamekuta kwamba mtu akiwa amekaa huumizwa zaidi na mtikisiko wa juu na chini unaorudia mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Gari laini huinuka na kushuka polepole, mara moja hivi kwa sekunde, kama mtu anayebembelezwa. Likifungwa springi ngumu huanza kutetemeka haraka, likikaribia pale pale mwili usipostahimili. Dereva hajui, maana yeye amekaa katikati ya gari juu ya kiti chenye sponji. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sasa, kwa wenye magari wanaotaka kurekebisha, nashauri waanze na yale yasiyo na gharama kubwa.

Kwanza, upepo wa tairi. Kiasi kinachotakiwa huandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi pembeni mwa mlango wa dereva. Wengi hujaza kupita kiasi kwa sababu ya magunia, kisha hawapunguzi mzigo ukishashushwa. Lakini usishuke chini ya kiasi kilichoandikwa, kwani tairi lenye upepo mdogo hupata moto na kupasuka.

Pili, usafi wa springi zenyewe. Majani yaliyoshika kutu na matope hung'ang'aniana, na springi huwa kama ubao mmoja. Yafunguliwe, yasuguliwe, yapakwe grisi. Bushi za mpira zilizokwisha zibadilishwe.

Tatu, shokomzoba, au shokapu kama vijana wa gereji wanavyoziita. Watu hudhani ndizo zinazobeba mzigo. Sivyo. Kazi yake ni kuzuia gari lisiendelee kurukaruka baada ya kupita shimo. Bonyeza pembe ya gari kwa nguvu kisha uachie. Likiruka zaidi ya mara moja au mbili, shokomzoba imekufa. Ikivuja mafuta, hali kadhalika. Na unaponunua mpya usidanganywe na muuzaji anayesifu zile za kazi nzito. Hizo kwenye gari tupu huongeza ugumu tu.

Nne, na hili ndilo kubwa, toa majani yaliyoongezwa. Kama mzigo mzito haukwepeki, fundi anaweza kufunga jani la akiba chini kabisa, lililonyooka, lisiloguswa mpaka majani ya juu yamelala kwa mzigo. Hivyo gari tupu hutembea kwa springi zake laini, na likipakiwa jani lile huanza kusaidia.

Wenye magari madogo nao wasikubali kuwekewa vipande vya mpira katikati ya springi za duara ili kuinua gari, wala kukatiwa springi ili lishuke. Yote mawili huongeza ugumu.

Nadhani tunaweza kujifunza kwa wenzetu wa Ufaransa. Kabla ya Vita Kuu ya Pili kiwanda cha Citroën kilianza kubuni gari kwa ajili ya wakulima wa huko, nao barabara zao zilikuwa mbaya. Wahandisi waliagizwa kutengeneza gari la kubeba kilo 50 za viazi na kupita shambani lililolimwa na kikapu cha mayai bila yai kuvunjika. Gari hilo, 2CV, lilionyeshwa kwa watu mwaka 1948 na likaendelea kutengenezwa hadi 1990. Halikuwa gari la matajiri, bali la watu wa shamba, na ulaini wake ulikuwa miongoni mwa masharti yake. Kama mayai yalifikiriwa, kwa nini mgonjwa asifikiriwe?

Nilimwendea mzee mwenye gari nikamwomba atoe majani yale. Alinijibu, "Mwalimu, si wewe uliyetaka nibebe matofali? Na wagonjwa wananipa nini? Magunia ndiyo yanayonunua mafuta." Sikuwa na la kubisha. Ni kweli gari lake ni la tani moja, yaani magunia kumi ya kilo mia, naye amezoea kupakia kumi na tano. Lakini ni kweli pia kwamba wagonjwa wengi hawana cha kumlipa, nasi wengine tulijenga madarasa kwa mgongo wa gari lake.

Tulikubaliana hivi. Majani mawili yametolewa, la tatu limefungwa kama jani la akiba. Shokomzoba mbili za nyuma tumezinunua kwa mchango wa walimu na wazazi, nami nimetoa zaidi kidogo kwa kuwa nilikuwa mshauri mbaya. Naye sasa hapakii zaidi ya magunia kumi na moja. Sisemi gari limekuwa kitanda, barabara bado ni ile ile. Ila mama mjamzito aliyepelekwa mwezi uliopita hakuhitaji magunia ya mchanga.

Ndugu Mhariri, nina mapendekezo mawili kwa wahusika. Katika mpango wa m-mama, mama mwenye dharura ya uzazi huombewa usafiri kwa namba 115 bila malipo, na pasipo gari la wagonjwa huitwa dereva wa jamii mwenye gari lake. Huo ni mpango mzuri. Basi wanapoandikishwa madereva hao, magari yao yakaguliwe hadi chini ya bodi, yahesabiwe majani ya springi na kubonyezwa pembe zake. Pili, serikali za vijiji zinazotegemea gari moja la mtu binafsi zikae na mwenye gari zikubaliane naye, kisha zichangie, badala ya kumlaumu usiku mgonjwa anapolia.

Mwanafunzi wangu ameondolewa plasta na amerudi darasani. Anachechemea kidogo. Siku ya kwanza aliyorudi alipita karibu na pikapu ile imeegeshwa nje ya shule, akazunguka kwa upande wa pili wa njia ili asiikaribie. Mimi nilikuwa dirishani, katika lile darasa la matofali yetu, nikamwona.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Morogoro.