Spea za ekseli Mbulu na Hanang: Jina la gari halitoshi

Difu ikifa ukiwa Haydom au Basotu, njia ya haraka ni simu. Unapiga Arusha, au unamtafuta winga wa Kariakoo, unatuma pesa, mzigo unapanda basi. Swali huwa fupi: "Una difu ya Noah?" Jibu nalo fupi: "Ipo, bosi." Hasara nyingi za spea used zinaanzia kwenye maneno hayo mawili, kwa sababu "Noah" si gari moja.

Noah ya SR40, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, inasukumwa na tairi za nyuma. Ina propela shafti na difu nyuma. Noah ya AZR60, iliyokuja 2001, inavutwa na tairi za mbele na difu yake imo ndani ya giaboksi. AZR65 ni ya 4WD. Jina ni lile lile, ila ukija kwenye ekseli ni magari tofauti kabisa. Kinyume chake pia kipo: Voxy ya AZR60 ni pacha wa Noah ya AZR60, ingawa majina yanatofautiana.

Land Rover nazo zina mtego wake. Ekseli za zamani za aina ya Rover zina shafti zenye meno 10 upande wa difu, za baadaye zina meno 24. Shafti ya 24 haiingii kwenye difu ya 10, hata kama kwa macho zinafanana. Uwiano nao unatofautiana: difu ya Series ni 4.7, ya Defender ni 3.54.

Kifaa kikiingia, si lazima kiwe sahihi

Spea isiyoingia kabisa inakula nauli na muda. Ya hatari zaidi ni ile inayokaribia kuingia. Hapo ndipo fundi anabanwa na mwenye gari: "Saga kidogo, chomelea, gari linatakiwa mnadani kesho."

Chukua mfano wa 4WD. Ukifunga difu ya 4.1 nyuma wakati ya mbele ni 3.9, mbele na nyuma zitavutana kila ukiingiza 4WD. Kwenye tope tairi zinateleza, hutagundua haraka. Kwenye lami au udongo mkavu, mzigo wote unaenda kwenye transfa na shafti.

Usalama nao umo humo. Kwenye magari mengi madogo yenye difu nyuma, shafti ndiyo inayoshika tairi. Ikikatika karibu na beringi, tairi linachomoka. Likichomoka kwenye mteremko wa mlima Magara, abiria wamejaa, hapo hatuzungumzii tena bei ya spea.

Kagua kabla hujatuma pesa

1. Tuma namba ya chasisi na picha ya kibati cha gari. Kwenye Toyota nyingi kibati kina kodi ya ekseli: herufi inaonyesha ukubwa wa difu, namba zinaonyesha uwiano.

2. Hesabu meno. Kwa difu, gawa meno ya gia kubwa kwa meno ya pinioni: 41 kwa 10 ni 4.1, na 43 kwa 10 ni 4.3. Kwa shafti, hesabu meno ya ncha zote mbili.

3. Pima urefu wa shafti, kipenyo cha beringi na idadi ya nati za tairi.

4. Angalia kama shafti yako ina ringi ya ABS. Zipo zenye ringi na zisizo nayo.

5. Usitupe kifaa kibovu. Muuzaji apige picha ya chake kikiwa pembeni ya rula, mlinganishe.

Nani abebe hasara?

Kwa sasa anayebeba ni mnunuzi, mara nyingi peke yake. Muuzaji ameshapokea pesa, basi limeshalipwa, na ubao wa duka unasema mali ikiuzwa hairudi. Lakini Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kuwa mnunuzi akimweleza muuzaji kazi ya kifaa, na akategemea ujuzi wake, kifaa kinatakiwa kifae kwa kazi hiyo. Ukiagiza "difu ya Noah" tu, hujaeleza kitu. Ukiandika kwa meseji "Noah SR40, chasisi namba hii, uwiano huu", na muuzaji akajibu kuwa inaingia, una ushahidi. Dai na risiti ya EFD, modeli iandikwe humo.

Mafundi wa Katesh na Mbulu mjini wana nafasi kubwa hapa. Wao ndio wanaofungua ekseli, kwa hiyo wao ndio wanaoweza kuhesabu na kupima kabla mteja hajapiga simu. Fundi anayeandika vipimo hivyo kwenye karatasi anastahili kulipwa kwa kazi hiyo, hata kama ni elfu chache. Mwenye gari asione uchoyo kutoa hela hiyo: ni ndogo kuliko nauli ya kurudisha difu Arusha, na gari kulala gereji wiki nzima wakati wa mavuno.