Kompyuta ya muziki: tusilipie picha tukitafuta sauti

Juma hili ninajibu swali linalorudi kila mara katika vikundi vyetu. Kijana anataka kutengeneza biti, anaomba kompyuta ya mkononi, na muuzaji anasema lazima iwe ile ya michezo, yenye kadi kubwa ya picha, kwa sababu eti muziki ni mzito. Bei inapanda, na zamu nzima ya likelemba inaishia hapo.

Muziki wenyewe tusiudharau. Innoss'B ni mtoto wa hapa Goma, na Tamasha la Amani, lililoanza mwaka 2014, limewapandisha vijana wetu jukwaani. Lakini kadi ya picha inafanya nini?

Kadi hiyo inachora kile macho yanaona: michezo, video, filamu. Sauti ni kazi nyingine. Ndani ya kompyuta, sauti ni hesabu. Kwa kawaida sekunde moja ya wimbo ina namba 44,100 upande wa kushoto na nyingine 44,100 upande wa kulia. Ngoma, gitaa, mwimbaji, kila kimoja kina hesabu zake, na anayezipiga ni prosesa, ubongo wa mashine. Katika FL Studio, programu ambayo vijana wengi wanaitumia, kadi ya picha inasaidia hasa kuchora madirisha. Kwa kazi hiyo, kisehemu cha picha kilichomo tayari ndani ya prosesa nyingi kinatosha.

Tena kadi kubwa inaweza kuleta shida. Inakula umeme, na kwetu umeme ukikatika, betri inaisha upesi. Inapasha mashine joto, feni inalia, na mikrofoni inanasa kelele hiyo. Wakati mwingine programu inayoiendesha inaichelewesha prosesa kidogo tu, na wimbo unakwaruza.

Basi pesa ziende wapi? Kwanza, prosesa nzuri ya miaka ya karibuni. Pili, RAM ya GB 16, au GB 8 ikiwa mashine inakubali kuongezewa baadaye. Tatu, diski ya SSD, inayofungua sauti haraka. Kisha kaske nzuri ya kusikilizia. Kama kijana anatengeneza pia video za klipu, hapo kadi ya picha ina faida. Mwambie aseme ukweli, maana wengine wanaomba muziki huku wanatamani michezo!

Kabla ya kulipa, jaribuni. FL Studio ina toleo la majaribio bila malipo. Kijana aje nalo kwenye flashi, aliweke kwenye mashine hapo dukani, afungue wimbo wa mfano wenye vyombo vingi. Chomoeni waya wa umeme, acheni wimbo upige dakika kumi. Unakwaruza? Feni inalia? Betri imeshuka kiasi gani? Muuzaji akikataa, nendeni kwa mwingine.

Na tofauti ya bei, mama, iweke kwa minervali ya wadogo zake.