Noah imegoma Usagara, watoto wako ndani

Familia moja ya Geita ilipanga kufika kwa bibi, Shinyanga, kabla ya chakula cha mchana. Noah yao ya zamani, ile ambayo injini imekaa chini ya viti vya mbele, ilivuka daraja la Kigongo–Busisi bila shida. Wakasimama Usagara, wakanunua maji na mahindi ya kuchoma, mtoto wa mwisho akapelekwa chooni. Dakika 20 tu. Waliporudi, baba akazungusha ufunguo. Stata ilizunguka vizuri, lakini injini haikushika.

"Baba watoto, si ulisema fundi amemaliza?"

Baba hakujibu. Wiki mbili kabla alikuwa amenunua betri mpya kwa fedha iliyotengwa kwa sare za shule. Kabla ya hapo zilibadilishwa plagi. Sasa watoto watatu walikuwa wamekaa nyuma, jua la saa sita linapiga bati, na mdogo ameanza kulia. Baada ya karibu saa nzima gari likawaka lenyewe, kama vile halikuwa na tatizo lolote.

Wenye magari ya zamani wanaijua tabia hiyo. Asubuhi gari linawaka mara moja. Linatembea vizuri. Ukilizima likiwa la moto, linagoma hadi lipoe. Kabla daraja halijafunguliwa, Juni 19, 2025, foleni ya kivuko ndiyo iliyowaumbua wengi: magari yalizimwa kusubiri zamu, na foleni ilipoanza kusogea kulikuwa na anayebaki na ufunguo mkononi.

Kinachotokea ni hiki. Injini ikiwa inafanya kazi, maji yanazunguka na upepo unapita. Ukiizima, vyote viwili vinasimama, lakini chuma bado kina moto. Joto hupanda juu na kuenea kwenye mipira ya mafuta, koili, nyaya na stata. Kwa dakika kadhaa baada ya kuzima, vifaa hivyo huwa vya moto kuliko gari lilipokuwa barabarani. Kwenye Noah za zamani na Hiace hali ni mbaya zaidi kwa sababu injini imefungiwa ndani ya boksi chini ya viti.

Swali la kwanza ni moja: stata inazunguka au haizunguki?

Ikiwa haizunguki, au inazunguka kwa uchovu na taa zinafifia, tatizo ni la umeme. Stata iliyochakaa kaboni huchoka zaidi ikiwa ya moto. Waya wa ethi uliolegea au vichwa vya betri vyenye ukungu mweupe huleta shida hiyo hiyo. Fundi mwenye mita hapaswi kubahatisha: apime betri wakati stata inapigwa. Ikishuka chini ya volti 9.6, betri yenyewe ndiyo ya kushukiwa. Ikibaki juu na stata bado inazunguka kwa shida, aangalie waya na stata. Kusukuma hakusaidii kwa Noah ya otomatiki, hata kama vijana wa stendi watajitolea bure.

Ikiwa stata inazunguka kwa nguvu lakini injini haishiki, kinachokosekana ni mafuta au moto wa plagi. Kwenye gari la kabureta, petroli huchemka ndani yake na kuwa mvuke. Petroli haihitaji moto mkali, sehemu yake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 40 hivi. Kwenye gari la injeksheni, angalia koili na sensa ya krenki. Vifaa hivi vikizeeka hukata vikipata joto na kurudi vikipoa, ndiyo maana fundi anayeliona gari asubuhi haoni kitu.

Pampu iliyo ndani ya tangi nayo inahusika. Petroli ndiyo inayoipoza. Mzazi anayeweka mafuta ya elfu kumi kila siku na kuendesha taa ya tangi ikiwaka anaipika pampu taratibu. Kila mtu anajua kwa nini inakuwa elfu kumi. Lakini kwa safari ndefu, tangi lifike angalau nusu.

Halafu kuna rejeta. Gari ambalo sindano ya joto inapanda kuliko kawaida lianzie hapo: feni, maji yanayopungua, rejeta iliyoziba kwa maji ya kisima yenye chumvi. Kubadilisha koili huku injini inachemka ni kutupa fedha.

Gari likigoma njiani, watoto washuke kwanza, wakae kivulini mbali na barabara. Hilo lifanyike kabla ya kufungua chochote. Kwenye Noah ya zamani ukiinua kiti unafungua injini ndani ya chumba walimokaa watoto, na mvuke hautachagua. Mfuniko wa rejeta usiguswe hadi ipoe kabisa, kwa sababu maji yaliyobanwa humo yanaweza kupita nyuzi 100 na kuruka usoni. Usiimwagie injini maji baridi, silinda hedi inaweza kupasuka. Na mtoto asiachwe amelala ndani ya gari lililofungwa jua likiwaka, hata kama baba yuko hatua kumi na fundi.

Familia ile ilimpata fundi Shinyanga mjini. Alisikiliza, akakataa kuligusa gari likiwa baridi.

"Mzee, zunguka nalo nusu saa, uniletee likiwa la moto. Zima hapa hapa, tusubiri."

Wakasubiri dakika 20, baba kwenye benchi, mama kwa bibi na watoto. Gari likagoma kama lilivyoagizwa. Fundi akapima: mafuta yanafika, plagi haina moto. Akatoa koili ya gari jingine akaifunga kwa muda, na injini ikashika. Koili ya zamani aliipima mbele ya baba ikiwa ya moto, akaipima tena ilipopoa, na namba hazikufanana.

Betri ya zamani ilikuwa haina kosa. Bado iko kwenye kona ya stoo, Geita.

Siku ya kurudi walisimama tena Usagara, safari hii kwa makusudi. Baba alizima gari, wakala taratibu, dakika 20 zikapita. Mama ndiye aliyezungusha ufunguo. Likawaka mara ya kwanza. Baba akamwomba azime, awashe tena. Mama akafanya hivyo mara mbili, ya tatu akakataa, akasema giza litawakuta kabla hawajafika Sengerema.