Kivuli cha Wazee wa Tabora

Yuko mtu asemaye kuwa bustani ya mji ni pambo, na kwamba mji wenye fedha chache haustahili kutafuta pambo kabla ya kutosheka kwa maji, shule na barabara. Maneno haya husemwa kwa sauti ya busara, na kwa hiyo hupita bila kupingwa. Mimi nayapinga, na shahidi wangu ni Tabora, mji uliojua thamani ya kivuli kabla reli haijaufikia mwaka 1912.

Njia ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa. Mpagazi wa Kinyamwezi alijitwika mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, akaenda nao miezi kwa miezi. Safari ile ilihesabiwa kwa kambi: wapi pana maji, wapi pana kivuli, wapi mzigo utatuliwa. Kandokando ya njia ilipandwa miembe, na mingine ingali imesimama. Hapana aliyeiita pambo. Ilikuwa chombo cha safari kama kamba na kibuyu.

Mzee wa leo naye ni mpagazi. Mzigo wake ni magoti yake. Atokaye Ng'ambo kwenda hospitali ya Kitete katika jua la Oktoba hahitaji maua. Ahitaji kituo kila baada ya hatua ambazo miguu yake yaweza, na kiti chenye egemeo na mikono, maana kuketi ni rahisi lakini kuinuka ni kazi. Ahitaji maji, njia isiyo na ngazi, na choo kilicho wazi. (Choo hutajwa mwisho katika mikutano, kwa haya, mzee hukifikiri kwanza, na asipokiona hubaki nyumbani.) Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2007 juu ya miji iwafaayo wazee wasema mambo hayohayo. Miji yetu mingi bado hutengeneza bustani ya kupigia picha za harusi, yenye uzio na kiingilio mlangoni. Hiyo si bustani ya umma. Ni duka la majani mabichi.

Huenda mtu akanijibu: wazee wetu wana baraza zao, bustani ni desturi ya Wazungu. La, hasha! Baraza ilitaka nyumba iliyotazama njia, na majirani waliokuwa na nafasi ya kuketi. Sasa nyumba zajengwa nyuma ya kuta, na vijana wamehamia Dar es Salaam na Mwanza. Tena baraza ilikuwa ya nani? Aghalabu ya wanaume. Bibi kizee alipumzika uani kati ya kazi na kazi, wala hakuna aliyemwuliza kama angependa kuona watu.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humhesabu mtu mzee tangu miaka 60. Pale Kwihara, nje kidogo ya mji, limehifadhiwa tembe alimokaa Livingstone tangu Februari hadi Agosti 1872, akingoja wapagazi, naye akiwa na umri wa miaka 59. Sichukii kumbukumbu hiyo. Lakini mji utunzao mahali alipopumzika mgeni wa miaka 59 hauna udhuru wa kumnyima benchi mwenyeji wa miaka 60.

Na hapa ndipo penye ugomvi wangu mkubwa. Mwembe mkubwa ukikatwa kwa ajili ya kupanua barabara au kupata kiwanja, hujibiwa kuwa miche itapandwa. Miche ni ya wajukuu. Mwembe huchukua miaka mingi kabla ya kufunika watu kumi, na mwenye miaka 70 hana miaka hiyo ya kukopesha. Kwake, mti uliokatwa hauna badala.

Basi halmashauri na ihesabu miembe yake mmoja mmoja, iitie namba na kuiandika daftarini kama ziandikwavyo nguzo za umeme. Chini ya kila mwembe ulio kando ya njia ya watu iweke kiti, na mtu wa kufagia alipwe mshahara. Atakaye kuukata mmoja aje kwanza kusema hadharani, mbele ya wazee waketio chini yake, watahamia kivuli gani siku ileile.