Setilaiti haijawahi kubeba machela (Sehemu ya 5)

Haya jamani, naendelea. Niliahidi kuongelea umbali, ndo leo.

Juzi tuliletewa mama mjamzito kwa machela, vijana wanne wakipokezana. Kwenye ramani, kijiji chake kiko ndani ya duara la kilomita 5 kutoka kituoni, kwa hiyo kinahesabika kuwa kimefikiwa na huduma. Walitembea zaidi ya saa tatu! Njia inashuka bondeni, inavuka mto, inapanda upya, na mvua ilikuwa imenyesha, utelezi mtupu. Mama na mtoto wako salama, nashukuru Mungu. Ila lile duara limenikaa kichwani.

Msinielewe vibaya, sipingi picha za setilaiti. Wa Lushoto tunajua faida yake. Tauni iliripotiwa hapa kuanzia 1980, na kwa miaka zaidi ya 20 iliwapata watu zaidi ya 7,000 na kuua zaidi ya 600. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Ubelgiji walichukua picha za setilaiti na vipimo vya mwinuko, wakavilinganisha na vijiji vilivyougua, panya na viroboto. Lakini hawakuishia kwenye kompyuta. Walifuatilia pia watu wanakopita kila siku: shambani, kwenye maji, kwenye kuni. Tauni haiugui mlima, anaugua mtu anayepita mlimani. Hilo huwezi kuliona ukiwa angani.

Picha za bure za Landsat, kila nukta ni mita 30. Za Sentinel-2 ni mita 10. Njia zetu za miguu zina upana wa mtu mmoja na mzigo wake kichwani. Setilaiti itazionaje?

Mpango wa MMAM wa 2007 ulisema kila kijiji kiwe na zahanati. Vizuri sana. Lakini pesa ikitosha zahanati moja tu, duara ndo linaamua nani asubiri. Na kwenye milima duara linadanganya.

Mimi nasema hivi: tupime saa, sio kilomita. Vipimo vya mwinuko vipo, vya bure, kompyuta inaweza kukadiria mwendo wa kupanda na kushuka. Halafu waulizwe wanaotembea. Mtasema kuuliza kunachukua muda. Kwani wahudumu wa afya ngazi ya jamii hawazipiti hizo njia kila wiki? Wapewe simu yenye GPS, wazirekodi, masika na kiangazi. Kilichopatikana kisomwe kwenye mkutano wa kijiji kabla hakijaenda wilayani.

Sasa zamu yenu. Kutoka kwako mpaka zahanati, ni mwendo wa saa ngapi? Na mvua ikinyesha je? Andikeni hapo chini, nasoma zote.